Peter McGuffin, jeni na sonona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanakuja kila wakati, hasa kwa wanafunzi wa udaktari na saikolojia waliotajiwa jina la McGuffin darasani, wakienda kutafuta wanakuta lundo la makala hawajui waanze na ipi. Mengine yanatoka kwa watu wenye mgonjwa nyumbani, wanataka tu kujua kama hii sonona (depression, huzuni nzito isiyoondoka) ni ya ukoo. Nimeyajibu jinsi yalivyokuja, mengine kwa urefu mengine kwa mkato.

Kwanza huyu McGuffin ni nani?

Daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza. Kazaliwa Belfast mwaka 1949, kafariki 2024. Udaktari alisomea Leeds, ya akili akaisomea hospitali ya Maudsley kule kusini mwa London, halafu akavuka kwenda St. Louis Marekani kujifunza hesabu za urithi kwa kina Irving Gottesman. Mwaka 1987 akawa profesa Cardiff, na 1998 akarudishwa London kuongoza kituo cha Institute of Psychiatry (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya akili) kinachochunguza jamii, jeni na ukuaji kwa pamoja, akapokea kijiti kwa Michael Rutter. Baadaye akawa mkuu wa Institute yenyewe. Mke wake Anne Farmer naye ni profesa wa akili na utamkuta kwenye makala nyingi za mumewe, kwa hiyo ukiona McGuffin na Farmer wamefuatana usidhani ni bahati.

Ameandika makala ngapi, na mbona nyingine zina majina ya watu hadi mia na zaidi?

Ni mamia. Lakini kuhesabu tu hakukusaidii, angalia jina lake limekaa wapi. Kwenye fani hii anayetangulia jina ndo aliyefanya kazi ya mikono na kuandika, anayemalizia ndo bosi mwenye wazo na hela ya utafiti, waliopo katikati wamechangia kitu, inaweza kuwa sampuli za damu, inaweza kuwa hesabu. Sasa ukipanga za McGuffin kwa miaka unaona kabisa jina linavyotembea: miaka ya 80 na 90 anatangulia mwenyewe, baada ya 2000 anakaa mwishoni vijana wake wanatangulia (Rudolf Uher, Gerome Breen, Katherine Tansey na wengine), halafu kuanzia 2013 hivi anapotelea katikati ya jeshi la watu kwenye makala za miungano mikubwa ya kimataifa. Hajashuka thamani hapo, ni fani yenyewe imebadilika. Mtu mmoja na daftari lake hawezi tena kupata jibu, inabidi nchi 20 zichange wagonjwa wao.

Mimi nikitaka kujua mtu alikuwa anafikiria nini naanza na zile alizotangulia jina, na zile alizomalizia. Za katikati naziacha mwisho.

Utafiti wa mapacha wa 1996 unaotajwa kila mahali ulifanyikaje?

Huu ndo naupenda kuliko zote. Mwaka 1948 pale Maudsley, Eliot Slater alianzisha utaratibu mdogo sana: kila mgonjwa mpya anayeingia anaulizwa, wewe ni pacha? Akisema ndiyo anaandikwa. Basi, hakuna mashine hakuna nini. Daftari likaendelea kujazwa miaka na miaka hata baada ya mwanzilishi kuondoka, na McGuffin na wenzake wakaja kulifungua wakatoa wagonjwa 177 wa sonona ambao ni mapacha, wakawatafuta na wale pacha wenzao.

Majibu yakawa hivi: kwa mapacha wanaofanana, yaani vinasaba (jeni) vyao ni vilevile, mmoja akiwa mgonjwa uwezekano wa mwenzake kuwa naye amepata sonona ni asilimia 46. Kwa mapacha wasiofanana, ambao wanashea nusu ya vinasaba kama ndugu wa kawaida, ni asilimia 20. Tofauti hiyo ya 46 na 20 ndo ushahidi wa jeni, kwa sababu wote wamelelewa nyumba moja umri mmoja, kilichozidi kwa wale wa kwanza ni damu tu.

Watu wengi wanaishia hapo na kushangilia jeni, lakini isome tena hiyo 46. Mtu mwenye vinasaba vilevile kabisa na mgonjwa wa hospitali, zaidi ya nusu yao hawakuugua. Nusu nzima! Kwangu mimi hii ndo habari kubwa ya makala ile kuliko ile ya kwanza.

Kwa hiyo sonona ni jeni asilimia ngapi?

Hapa ndo watu wanapotea kwa hiyo nitaenda polepole. Makala ya 1996 haikutoa namba moja, ilitoa kati ya 48 na 75. Kwa nini pana hivyo? Kwa sababu daftari la hospitali linakuonyesha waliofika hospitali tu, halikuambii huko mtaani wangapi wanaugua, na ile hesabu inahitaji kujua hilo. Ukidhania sonona ni nadra unapata namba moja, ukidhania imejaa unapata nyingine. McGuffin angeweza kuchagua moja akatulia, alichofanya ni kuziweka zote mezani.

Mwaka 2000 Patrick Sullivan, Michael Neale na Kenneth Kendler wakakusanya tafiti za mapacha zilizokuwepo wakapata asilimia 37 hivi, na hiyo ndo inayotumika sana vitabuni. Iko chini ya ile ya Maudsley, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba waliofika Maudsley walikuwa wagonjwa hasa, siyo mtu aliyekuwa na huzuni wiki mbili akapona.

Sasa hiyo 37 haimaanishi kwamba kwenye sonona ya shangazi yako asilimia 37 imetoka kwa bibi na 63 imetoka kwa mume wake. Namba hii haimzungumzii mtu, inazungumzia kundi: ndani ya watu wale, mahali pale, kipindi kile, tofauti kati ya anayeugua na asiyeugua inaelezwa na tofauti za vinasaba kwa kiasi hicho. Ukipeleka watu walewale mahali ambapo maisha ya wote yanafanana, asilimia ya jeni inapanda bila hata jeni moja kubadilika, maana kilichokuwa kinatofautisha upande wa maisha kimepungua. Na ukiwapeleka mahali ambapo wengine wamekimbia vita wengine wamekaa kwa amani, inashuka. Kwa hiyo kila mkiona kichwa cha habari "sonona asilimia fulani ni ya kurithi" jiulizeni wapi na kwa nani.

Mama yangu alikuwa na sonona, na mimi lazima?

Hapana. Hatari inapanda, kwa ndugu wa karibu wa mgonjwa ni karibu mara tatu ya wengine kwa ule mkusanyo wa 2000, lakini kupanda siyo lazima. Rudi kwenye 46 ya mapacha, kama wao wenye vinasaba sawa wengi wao hawakuugua basi na wewe mwenye nusu ya vinasaba vya mama una nafasi kubwa tu ya kutougua. Faida ya kujua ni kwamba usingizi ukianza kupotea na vitu ulivyokuwa unavipenda vinaanza kukuchosha hausubiri miezi sita ndo uende hospitali. Na kama mawazo ya kujidhuru yameshaingia usisubiri hata siku, mwambie mtu wa karibu akupeleke.

Ni kweli kuna sonona ya matatizo na sonona isiyo na sababu, ambayo ndo ya damu?

Ndivyo madaktari walivyoamini muda mrefu sana, na mtaani bado tunaamini hivyo hivyo: huyu kafiwa ndo maana, yule ana kila kitu kwa hiyo ni ya ukoo. Ina mantiki, na inapimika. Kama ni kweli basi walioanguka baada ya msiba au talaka wasiwe na ndugu wengi wagonjwa, na walioanguka bila sababu ndo wawe na ukoo uliojaa sonona.

Mwishoni mwa miaka ya 80 McGuffin, Randy Katz na Paul Bebbington walilipima kwa wagonjwa wa Camberwell, ambao ni mtaa wa kusini mwa London wenye maisha ya kubanana, pamoja na ndugu zao. Makala ikatoka 1988 na haikutoka kama walivyotarajia. Ule mgawanyo haukuonekana. Kilichoonekana ni kitu cha ajabu zaidi: ndugu wa wagonjwa walikuwa na sonona nyingi kuliko watu wa kawaida, sawa, lakini pia walikuwa na mikasa mingi kuliko watu wa kawaida. Yaani mikasa yenyewe nayo inatembea kwenye ukoo.

Maana yake nini? Inaweza kuwa familia moja inakaa mtaa uleule wenye shida zilezile, baba akifukuzwa kazi ni mkasa wa wote wanne. Inaweza pia kuwa tabia fulani za kurithi zinamweka mtu kwenye njia ya matatizo, na inaweza kuwa tu kwamba mwenye kichwa kizito anakumbuka na kuyataja mabaya zaidi akiulizwa. McGuffin na Anne Farmer waliendelea kulifukuzia suala hili Cardiff kwa ndugu wa tumbo moja. Ninachowaomba ni kwamba mkisikia mtu anasema "hii ni ya jeni, hii ni ya maisha" kana kwamba ni droo mbili, mkumbuke kuna mtu alishazifungua 1988 akakuta vitu vimechanganyikana.

Sonona na bipola si ni kitu kimoja?

Kidogo ndiyo. Bipola ni ule ugonjwa wa kupanda na kushuka, mara mtu amechangamka kupita kiasi, mara ameanguka kwenye sonona. Mwaka 2003 McGuffin alirudi kwa mapacha wa Maudsley, safari hii wa bipola, hesabu ikatoa urithi wa asilimia 85, juu kabisa ukilinganisha na sonona ya kawaida. Na sehemu kubwa ya jeni za ule upande wa kupanda juu, asilimia 71, zilionekana kuwa za kwake peke yake, hazishei na sonona. Kwa hiyo siyo kwamba bipola ni sonona iliyokomaa. Zinagusana, hazilingani.

Jeni la sonona limeshapatikana au bado?

Moja la kusema "hili hapa" hakuna, na halitapatikana. Ila hadithi ya namna walivyolitafuta inachekesha na kusikitisha.

Njia ya kwanza ilikuwa ya familia. Mradi mmoja mkubwa wa timu ya McGuffin ulikusanya familia zaidi ya 800 kutoka Ulaya na Marekani zenye angalau ndugu wawili wenye sonona inayojirudia, wakatafuta ni kipande gani cha kromosomu ndugu hao wanashea kuliko kawaida. Mwaka 2011 wakatoka na kipande kwenye kromosomu ya 3, na hapohapo timu nyingine kabisa iliyokuwa inachunguza familia za wavutaji sigara ikaja na eneo hilohilo. Ilionekana kama wamepata. Baada ya hapo kipande kile kimekaa pale, hakijazaa dawa wala kipimo.

Njia ya pili ni kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu: unachukua wagonjwa, unachukua wazima, unalinganisha mamia ya maelfu ya sehemu ambazo herufi za DNA zinatofautiana mtu na mtu. Mwaka 2010 Cathryn Lewis, McGuffin na wenzao wakatoa ya kwao, wagonjwa 1,636 wa sonona inayojirudia na wazima 1,594. Hakuna sehemu iliyovuka mstari wa kuaminika kitakwimu. Dunia nzima ikaungana, 2013 wakaja na wagonjwa 9,240 na wazima 9,519, humo zikiwemo na sampuli za McGuffin. Sifuri tena. Fikiria miaka yote ile, hela yote ile, damu za watu elfu 18, na hakuna hata herufi moja.

Tatizo halikuwa wazo, ni idadi. Kila herufi inachangia kidogo mno kiasi kwamba watu elfu tisa hawatoshi kuiona. 2018 wakafika wagonjwa 135,458 na zikatokea sehemu 44 kwa mpigo. Mapema 2025 ikatoka nyingine kwenye jarida la Cell yenye wagonjwa 688,808 kutoka nchi 29, wakahesabu tofauti 697. Kwa hiyo jibu la sasa hivi ni kwamba jeni za sonona ni mamia na kila moja peke yake ni nyepesi kama vumbi. Ukiniambia una "jeni la sonona" sitakuelewa, kila mmoja wetu anazo nyingi tu.

Na ile ya jeni ya serotonini, si walishathibitisha?

Walidhani. Mwaka 2003 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walichapisha kwenye jarida la Science kwamba watu wenye toleo fupi la jeni ya kibebeo cha serotonini (kemikali ya ubongo inayohusishwa na hisia) wakipata mikasa wanaangukia sonona zaidi ya wenye toleo refu. Vijana wenyewe walikuwa 847 wa Dunedin, New Zealand. Makala ikatapakaa dunia nzima, na kwa taarifa yenu Caspi na Moffitt walikuwa kwenye kituo kilekile alichokuwa anakiongoza McGuffin.

2009 Neil Risch na wenzake wakakusanya tafiti 14 zenye watu 14,250, wakaona mikasa inaleta sonona lakini lile toleo fupi haliongezi kitu. McGuffin na Uher hawakukubali kirahisi. Wakaandika kwamba ukiangalia jinsi mikasa ilivyopimwa unakuta mpangilio: waliomhoji mtu uso kwa uso au kuangalia kumbukumbu halisi wanaona lile jambo, waliompa mtu fomu ajaze mwenyewe hawalioni. Hoja ni nzuri na inatoka kwa mtu aliyepima mikasa tangu Camberwell, siyo ya kubeza. Ila muda haukuwa upande wao. 2019 Richard Border na wenzake walichukua jeni 18 zilizokuwa maarufu, ikiwemo hiyo, wakazipima kwa mamia ya maelfu ya watu na hazikufanya vizuri kuliko jeni yoyote ya kuokota barabarani. Mimi naona pale utetezi ulikuwa mrefu kuliko ushahidi, lakini somo la fomu dhidi ya mahojiano bado liko palepale na watafiti wa sasa wenye laki nyingi za watu waliojaza fomu ya simu hawapendi kulisikia.

GENDEP ndo nini?

Hii ndo sehemu ya matibabu, na ni mradi mkubwa ulioongozwa na McGuffin. Swali lilikuwa rahisi: tunaweza kuangalia vinasaba vya mgonjwa tukajua dawa ipi itamfaa kabla hajaimeza? Maana ilivyo sasa ni kubahatisha, unapewa hii unasubiri wiki sita, haijakaa unabadilishwa, wiki sita tena.

Wakachukua wagonjwa 811 kwenye vituo tisa vya Ulaya, wakawapa moja ya dawa mbili zinazofanya kazi tofauti, esitalopramu au nortriptilini, wakawafuatilia kila wiki kwa wiki 12. Kama huijui nortriptilini, amitriptilini ile inayotolewa sana kwenye hospitali zetu ikiingia mwilini sehemu yake inageuzwa kuwa hiyohiyo. Dawa kwa ujumla zikatoka sare, ila ukichimba ndani, esitalopramu ilikuwa bora kwenye moyo mzito na mawazo mabaya, nortriptilini ikawa bora kwenye usingizi na hamu ya kula. Daktari anaweza kutumia hilo kesho asubuhi bila kupima jeni yoyote.

Upande wa jeni, 2010 walitangaza alama chache zilizoonekana kutabiri nani atapona na dawa ipi. Halafu wakafanya kitu ambacho siyo kila mtu angekifanya, wakaunganisha data yao na ya Wajerumani wa Munich na ya Wamarekani wa STAR*D, ule mradi mkubwa wa kujaribu dawa za sonona, jumla watu 2,256, na 2013 wakaandika wazi kwamba hawajapata kitabiri chochote cha kuaminika. Kwamba vinasaba vinachangia kwenye kuitikia dawa, hilo liliendelea kuonekana. 2022 Oliver Pain na wenzake wakiwa na watu 5,151 wakakadiria mchango wa tofauti za kawaida za jeni kwenye kupona ni kama asilimia 13. Upo, ila bado huwezi kuutumia kwenye chumba cha daktari.

Na kuna madhaifu ya kuyajua. Hakukuwa na kundi la dawa bandia, kwa hiyo aliyepona huwezi kujua kapona kwa dawa au kwa muda au kwa kuonwa na daktari kila wiki. Madaktari na wagonjwa walijua nani anameza nini. Na sharti la kuingia lilikuwa uwe na asili ya Ulaya, tutalirudia.

Si kuna kipimo kingine cha damu kilichotoka kwenye GENDEP?

Kipo na siyo cha jeni. Waliangalia CRP, protini ya kwenye damu inayopanda mwili ukiwa na mchochota (inflammation), kwa watu 241. Waliokuwa chini ya miligramu 1 kwa lita walifanya vizuri zaidi na esitalopramu, waliokuwa juu yake wakafanya vizuri na nortriptilini. Ilitoka 2014, Uher katangulia. Kipimo chenyewe ni cha bei ya kawaida maabara nyingi. Inachekesha kidogo kwamba mradi wa mamilioni wa kutafuta jeni, kilichong'aa zaidi ni kipimo cha kila siku, ila 241 ni wachache, usiende kumlazimisha daktari wako.

Kuna kampuni zinauza kipimo cha mate kinachokwambia dawa yako ya sonona, ninunue?

Pesa yako, lakini sikia kwanza. Kuna jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, CYP2D6 na CYP2C19 ndo maarufu. Kwamba zinabadilisha kiwango cha dawa kwenye damu hakuna ubishi, GENDEP wenyewe walipima wakaona: CYP2C19 kwa esitalopramu, CYP2D6 kwa nortriptilini. Shida ni hatua ya pili, walipoangalia kama kiwango hicho kinatabiri nani atapona, hakikutabiri. Majaribio makubwa ya Marekani yakatoa picha kama hiyo. Moja la 2019 lenye wagonjwa zaidi ya 1,100 halikufikia lengo lake kuu, na lingine la 2022 kwa wanajeshi wastaafu 1,944 lilionyesha nafuu kidogo miezi ya katikati ambayo haikudumu hadi wiki ya 24.

Kipimo kina maana zaidi kwa mtu ambaye kila dawa inamletea madhara makali kwa dozi ndogo, au ameshajaribu kadhaa hazimfanyi kitu. Na usiache dawa ghafla eti unasubiri majibu, hiyo ndo mbaya kuliko zote.

Sisi Waafrika tumo kwenye hizi kazi?

Kwenye za McGuffin, kwa sehemu kubwa hapana. GENDEP nimeshasema sharti lake, na zile za familia na ya jenomu ya 2010 ni za Wazungu vilevile. Sababu waliyokuwa nayo ni ya kitaalamu, ukichanganya watu wa asili tofauti hesabu inaweza kukudanganya, lakini matokeo yake ni kwamba namba karibu zote nilizotaja hapo juu zimepimwa kwa watu wengine. Kwenye ile ya 2025 kama robo ya wagonjwa hawakuwa wa asili ya Ulaya, ni hatua, ila Waafrika wanaoishi Afrika bado ni wachache mno. Mradi mkubwa wa jeni za akili uliofanyika huku, NeuroGAP, ulikuwa na vituo Kenya (Kilifi na Eldoret), Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ila ulilenga skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona visivyopo) na bipola, sonona haikuwa lengo.

Kwenye vimeng'enya vya dawa ndo tuna cha kwetu. Toleo namba 17 la CYP2D6, linalovunja dawa taratibu, lilielezwa 1996 kwa Wazimbabwe na timu ya Collen Masimirembwa. Toleo namba 29 lilielezwa 2001 kutokana na sampuli za Watanzania, nalo ni la taratibu. Kinyume chake Waethiopia, kwenye utafiti wa Eleni Aklillu wa 1996, asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, hao wanavunja haraka kupitiliza. Sasa kipimo cha mate kilichotengenezwa kwa Wazungu kikiwa hakiangalii namba 17 na 29 kinaweza kumwambia Mtanzania "wewe uko kawaida" wakati siyo. Kabla hujalipa uliza kinapima matoleo gani, wakishindwa kukujibu ondoka.

OPCRIT ni nini, mbona ndo inanukuliwa sana?

Ni orodha ya vitu 90 vya kuangalia kwenye faili la mgonjwa, unajaza, programu ya kompyuta inakupa utambuzi kwa mifumo kadhaa kwa mara moja. Ya 1991, McGuffin, Farmer na Ian Harvey. Inanukuliwa kwa sababu kila aliyeitumia analazimika kuitaja, vifaa ndivyo vilivyo, vinapata manukuu kuliko mawazo. Usitumie idadi ya manukuu kupima ipi ni makala yake bora.

Kwa hiyo kazi yote hii imemsaidia mgonjwa gani?

Swali gumu na watu wanaliuliza kwa hasira wakati mwingine, nawaelewa. Dawa mpya iliyotokana moja kwa moja na jeni za sonona sijaiona sokoni. Kilichopatikana ni kuondoa uongo: uongo kwamba mgonjwa ni mvivu au hana imani, uongo kwamba malezi ya mama ndo chanzo cha kila kitu, na upande wa pili uongo kwamba jeni moja inaamua. Hayo nayo ni matibabu kwa namna yake, muulize mama aliyelaumiwa miaka 20.

Ila ukiniuliza kitu gani kimewanyanyua wagonjwa wengi ukanda wetu huu kwa ushahidi, nitakupeleka Rakai na Masaka kule Uganda. Paul Bolton na wenzake, 2003 kwenye jarida la JAMA, vijiji 30, tiba ya kuzungumza kwa vikundi ikiongozwa na watu wa hukohuko waliofundishwa kwa muda mfupi, na sonona ilishuka sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupewa tiba hiyo. Hakuna jeni hata moja iliyopimwa. McGuffin mwenyewe nadhani asingekasirika, alitumia nusu ya maisha yake kuhesabu mikasa.

Nisome ipi kwanza na nazipata wapi bure?

Anza na ya mapacha ya 1996 kwenye Archives of General Psychiatry, halafu ya Camberwell ya 1988 kwenye British Journal of Psychiatry (ni ya tatu kwenye mfululizo, zingine unaweza kuruka), halafu ya 2013 ya GENDEP na wenzake kwenye American Journal of Psychiatry. Tatu hizo zinatosha kukupa picha nzima ya McGuffin. Muhtasari wa zote uko PubMed (orodha ya mtandaoni ya makala za tiba) bila malipo, tafuta kwa "McGuffin P" ila angalia vizuri maana kuna McGuffin wengine. Makala nyingi za baada ya 2008 hivi zinapatikana nzima PubMed Central. Ikigoma, mwandikie mwandishi wa mawasiliano aliyetajwa kwenye ukurasa wa kwanza, sentensi mbili tu za heshima, wengi wanatuma. Matokeo ya jumla ya zile hesabu kubwa za jenomu nayo muungano wa Psychiatric Genomics Consortium unaweka kwenye tovuti yake, kama una kompyuta yenye nafasi na unajua kutumia R (programu ya takwimu) unaweza kushusha ukachezea mwenyewe.